Tatu Kati ya Kumi

Ofisi ya Huduma kwa Wakazi
Chumba namba 6
Jumatatu, 4 Mei

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu umenikatia mara tatu, na mara ya nne ukaniambia maneno ya simu ni ya wambea, mwenye neno la maana aliandike. Haya, nimeliandika.

Mtaa wenu umefungwa tangu Alhamisi na utabaki hivyo mpaka gonjwa lipungue. Hakuna kutoka wala kuingia, ila gari la maji na watu wa afya. Ofisi yetu imeandaa msaada wa aina tatu: kapu la chakula, dawa kwa wagonjwa wa kudumu, na muuguzi wa kumtembelea nyumbani aliyezidiwa. Kila kaya inajaza fomu. Mjumbe wa jengo anaikagua, anaigonga muhuri, na dereva wa gari la maji anatuletea. Fomu isiyo na muhuri wa mjumbe hatuifungui hata bahasha.

Mjumbe wa jengo lenu ni wewe. Mkuu wangu aliuliza kama kuna mtu pale anayeweza kusoma maelekezo mpaka mwisho. Nikamjibu yupo mmoja, alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita, na hata mimi ndugu yake wa tumbo moja alinirudisha darasa. Akacheka, akasema huyo huyo.

Nakuomba ukague kwelikweli. Watu wakisikia neno msaada, hata mwenye ghala anavaa matambara.

Mdogo wako,
Afisa Huduma

*

Ghorofa ya nne
Jumatano, 6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Fomu na muhuri vimefika, vimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikajua kweli vimetoka ofisini kwenu.

Nimeisoma fomu yenyewe. "Mkazi mpendwa, tupo pamoja nawe." Pamoja nami wapi? Wewe upo chumba namba sita chini ya feni, mimi nipo juu ya ngazi sitini na mbili na bomba linalokohoa kuliko wagonjwa. Aliyeandika sentensi ile nilimfundisha, au alifundishwa na mtu niliyemfundisha, na kwa vyovyote nasikitika.

Sasa majirani zangu. Niligawa fomu kumi na nane Jumatatu jioni. Jana asubuhi zilirudi kumi na moja, na kati ya hizo naweza kumwonyesha mgeni moja tu, ambayo ni yangu, na yangu niliijaza iwe mfano, nikaibandika ukutani chini. Kapu lenu silihitaji. Kinyozi wa ghorofa ya pili, yule asiyefunga mdomo hata akivaa barakoa, amewajazia watu wa kaya tano kwa maneno yale yale, "tunateseka kutokana na hali ngumu ya maisha", mara tano, kama kiitikio cha wimbo. Kwake mwenyewe ameomba maziwa ya watoto watatu. Ninawasikia wale watoto kila siku wakikimbia kichwani mwa jirani wa chini yao. Ni wawili.

Nimempiga marufuku. Nimeweka tangazo: kila kaya ijaze kwa mkono wake yenyewe. Asiyeweza kueleza shida yake kwa mistari sita hana shida, ana mazoea.

Halafu nikatoa kalamu nyekundu. Usicheke. Kila fomu nimeipa alama kati ya kumi: tatu za unadhifu, tatu za ukamilifu, nne za ukweli. Iliyofika saba nimeigonga muhuri. Zimefaulu nne, hizo hapo ndani. Nyingine zimerudi kwa wenyewe wakazifanyie kazi.

Ya mwisho darasani ni ya Fundi Viatu, yule wa chumba cha chini karibu na geti. Unamkumbuka. Ndiye niliyempelekea viatu vyangu vyeusi akanirudishia mbele za watu akisema, "Mwalimu, hivi vimeshakufa, vizike." Kila asubuhi anakaa pale kibandani na gazeti usoni kama waziri. Huyo anaomba muuguzi aje kumwona mkewe, eti anakohoa na pumzi haimtoshi. Nani hakohoi? Mwandiko wake, mdogo wangu, ni kuku aliyetoka topeni. Unapanda, unashuka, wino umechuruzika, mahali pa umri pameachwa wazi, na mahali pa sahihi pana doa. Mtu anayeshona kisigino mstari umenyooka hivyo, anashindwaje kufuata mstari ambao tayari umechorwa? Hawezi kushindwa. Ameamua tu kunionyesha kwamba mimi si kitu.

Nimempa tatu. Nikamwandikia: "Haitoshi. Eleza."

Dada yako,
Mjumbe wa Jengo

*

Chumba namba 6
Ijumaa, 8 Mei

Dada,

Shikamoo. Fomu zako nne zimepita zote. Mkuu wangu amezipitisha mezani kama picha za harusi. Jengo la pili kutoka kwenu walituletea ishirini na tatu, kumi na tisa tumezitupa chini ya rundo kwa kasoro, na zikienda chini ya rundo ndiyo basi, tutazifikia mvua zikiisha. Kwa hiyo endelea kuchuja. Wanaokuona mkali hawajui unawaokoa na sisi.

Kuhusu muuguzi, tunao wawili kwa eneo zima. Mmoja ana mguu mbovu. Waombaji wakipungua kwa sababu ya kalamu yako nyekundu, sisi hapa hatutalia.

Na huyo Fundi wako, mbona alikuwa na kiburi hata zamani? Mwache aandike mpaka mkono umlainike.

Mdogo wako

*

Ghorofa ya pili
Jumatatu, 11 Mei

Mwalimu,

Shikamoo kwa mbali. Barua hii nimeipitisha chini ya mlango wako kwa fagio, sijakaribia, na barakoa nimevaa, ingawa siku hizi naitumia zaidi kuficha ndevu. Kinyozi mwenye ndevu ni tangazo baya.

Kwanza nisamehe ile ya maziwa. Watoto ni wawili. Wa tatu nilimzaa kwenye fomu.

Pili ndilo lililonileta. Mke wa Fundi hali yake si nzuri. Jana nilisimama dirishani kwao. Anasema maneno mawili anapumzika, kama mtu anayepanda ngazi, na yupo kitandani. Midomo imebadilika rangi. Fundi anampepea kwa kipande cha boksi tangu asubuhi, hata kula hali. Nikapiga ile simu ya dharura iliyoandikwa kwenye tangazo, nikapewa muziki dakika arobaini, kisha sauti ikaniambia nijaze fomu kwa mjumbe wangu.

Basi fomu yao ya pili ndiyo hiyo nimeikunjia ndani. Mwalimu, nakuomba uigonge muhuri kama ilivyo, na madoa yake. Ningeijaza mimi ikapendeza, lakini umenikataza na tangazo lipo. Kuna jambo ningekueleza kuhusu hizi fomu za Fundi, ila ameniapisha nisiseme, na mtu akikuapisha huku ameshika nyundo, unaapa.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini anaweza kuambiwa. Mimi nakuambia.

Kinyozi wako (ukitaka, nywele zako nitazikata bure mtaa ukifunguliwa)

*

Ghorofa ya nne
Jumanne, 12 Mei

Kwa Kinyozi,

Nimepokea. Nywele zangu ziache.

Fomu ya Fundi nimeisoma mara mbili, jambo ambalo yeye hakulifanya hata mara moja. Nampa tano. Kuna maendeleo: safari hii umri wa mgonjwa umejazwa. Lakini penye "Tangu lini?" ameandika "siku nyingi". Siku nyingi si tarehe. Mistari miwili ya mwisho imelala ubavu mpaka nje ya karatasi. Na penye sahihi ya mkuu wa kaya amechora mkato kama mtu anayepiga kura. Mtu mzima, mwenye kibanda, anayesoma gazeti hadharani kila siku!

Usinifanye mimi ndiye mwenye roho mbaya. Nimeambiwa na ofisi kwa maandishi kwamba fomu yenye kasoro inawekwa chini ya rundo na haionekani tena. Nikiipeleka hii nitakuwa nimemzika mwenyewe. Ninamsaidia, ingawa hastahili.

Kama ana siri, ngazi zipo, apande aniambie. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo hata watoto wa darasa la pili wanalijua.

Inarudi. Aandike upya, kwa mkono wake.

Mjumbe wa Jengo

*

Ghorofa ya pili
Jumatano, 13 Mei

Kwa Ofisi ya Huduma kwa Wakazi,

Mimi ni kinyozi wa jengo la ghorofa nne lililo karibu na tangi la maji. Nampa barua hii dereva wa gari la maji, mama mwenye moyo. Hapa chini kuna mwanamke ambaye pumzi zinamwishia. Mjumbe wetu anataka mwandiko mzuri. Nawaomba mtume muuguzi leo, fomu mtaipata baadaye, nitaijaza hata kwa damu.

Naomba radhi kwa kukosa muhuri.

Kinyozi

*

Ofisi ya Huduma kwa Wakazi
Ijumaa, 15 Mei

Kwa Mkazi Mpendwa,

Barua yako imepokelewa. Ofisi inakufahamisha kwamba maombi yote hupitia kwa mjumbe wa jengo, na kwamba kumruka mjumbe ni kuwachelewesha wakazi wengine wanaofuata utaratibu. Damu isitumike kujaza fomu kwa sababu za kiafya.

Tupo pamoja nawe.

Afisa Huduma

*

Chumba namba 6
Ijumaa, 15 Mei

Dada,

Shikamoo. Haka kabarua ni kako wewe tu. Kinyozi wenu amejaribu kuturukia ukuta. Nimemrudisha kwa heshima, nakala ya jibu hiyo hapo. Nilijicheka mwenyewe kwenye ile ya damu.

Habari njema: mwezi huu jengo lako ndilo pekee ambalo halijarudishiwa hata fomu moja. Mkuu wangu anakuandalia cheti. Kitakuwa na fremu.

Mdogo wako

*

Ghorofa ya nne
Jumatatu, 18 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Cheti! Miaka ishirini na sita serikali haikunipa hata sanduku la chaki nililoomba, leo inanipa fremu kwa kuwazuia watu kula. Leteni, nitakitafutia ukuta.

Umefanya vizuri kumrudisha yule mropokaji. Ukimpa kinyozi njia ya mkato mara moja, kesho jengo zima litakuwa linakuandikia wewe, na huna kifua cha kuwakatalia. Nakujua. Ulikuwa unalia ukinyimwa kifutio.

Fundi ameleta fomu ya tatu jana. Tuseme imeletwa, maana niliikuta chini ya mlango, hakugonga. Nilitegemea baada ya mara mbili atakuwa ameshika adabu. Mdogo wangu, hata sentensi hakuimaliza! Ameandika, "Tangu tarehe 28 Aprili mgonjwa hawezi ku", basi, kalamu imeburuzika mpaka chini ya ukurasa ikaacha mstari mrefu kama ufa. Herufi zenyewe zimeandikwa mara mbili mbili, moja juu ya nyingine, kama zimeandikwa na watu wawili wanaogombania kalamu. Sijapata kuona dharau ya namna hii tangu siku ile walinifungia mbuzi ofisini.

Nilishika kalamu nyekundu nikaiweka. Nimechoka naye. Tarehe ameweka, umri upo, nimeigonga muhuri kwa kuchoka wala si kwa kuridhika, na nimeweka karatasi juu yake kumwomba mkuu wako asiitupe chini ya rundo. Mpeni muuguzi wake tuone huo ugonjwa.

Dada yako

*

Chumba namba 6
Jumatano, 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Ombi la Fundi limekubaliwa, kwa heshima yako. Muuguzi atafika Ijumaa saa tatu asubuhi. Uwe getini, maana yule mwenye mguu mzuri ndiye anakuja na hatutaki apotee kwenye vyumba.

Cheti kimeandikwa. Walikosea cheo chako, kinaandikwa tena.

Mdogo wako

*

Chumba cha chini
Alhamisi, 21 Mei

Mwalimu,

Anayeandika ni Kinyozi. Maneno ni yangu na nimemwambia asiyapambe.

Mke wangu alifariki juzi Jumanne saa nne asubuhi. Nilipotoka uani kulia ulikuwa dirishani. Uliniona, ukafunga dirisha. Watu wa mazishi wamekuja na mavazi yao meupe, wamemchukua, wamenizuia pale kwenye kizuizi cha mtaa. Sijui amelala upande gani wa makaburi.

Nakuandikia ujue ulikuwa unamsahihisha nani.

Mimi sijui kusoma. Sijui kuandika. Lile gazeti alikuwa akinisomea mke wangu alfajiri kabla sijafungua kibanda, habari tatu au nne, nami nakwenda kukaa nalo ili nikikuona unapita niwe na la kusema. Kwa watu wengine sikuona aibu. Kinyozi anajua, muuza mkaa anajua. Niliona aibu kwako wewe tu, kwa namna unavyomtazama mtu.

Kwa hiyo fomu zote aliandika yeye. Tangazo lako lilisema mkono wa kaya, na mkono ulikuwa wake. Ya kwanza aliandika amekaa. Lile doa lilikuwa jasho. Aliporudishiwa alicheka. Akasema, "Tatu! Shuleni sijawahi kupata chini ya saba." Akaomba kalamu. Ya pili aliandika amelala ubavu, nimemshikia ubao wa kukatia ngozi kifuani. Ile iliporudi hakucheka. Aliiangalia ile tano muda mrefu, akaniuliza kama mtoto, "Nimekosea wapi?" Mimi nikaishika karatasi, nikaiangalia kama nasoma.

Ya tatu nilimshika mkono tukaandika wote. Aliposhindwa nikamwambia inatosha.

Na mimi nilikuwa na mdomo. Ningepanda ngazi zako nikasema, Mwalimu, sijui kuandika, mke wangu anakufa. Sikupanda. Nilingoja afe kuliko uniangalie. Hilo ni langu, nitalala nalo. Usije ukalichukua ukajifichia humo.

Kinyozi anataka kuandika kwamba nimekusamehe kwa kuwa ni msiba. Nimemwambia afute. Anasema maandishi hayafutiki vizuri. Basi ayaache yaonekane yamekatwa.

Zamani nilikudharau kwa mchezo tu, kwa ajili ya viatu. Sasa nakudharau kikweli.

Fundi
X

*

Ghorofa ya nne
Ijumaa, 22 Mei

Mdogo wangu,

Muuguzi wenu amefika saa tatu kasoro dakika tano. Kuwahi mnajua.

Nilimfungulia geti mimi. Akaniuliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia amefariki Jumanne. Akatazama karatasi yake, akaniambia humu bado yupo. Hakusema kwa kejeli, amechoka tu, barakoa imemchora usoni mistari miwili. Akaomba maji, akanywa amesimama, akasema ana wagonjwa tisa mbele yake. Nikamwuliza, angekuja wiki iliyopita ingekuwaje? Akasema wenye hali kama ile wakiwekewa hewa mapema wengi wanapona, wachache hawaponi. Nikamwuliza mke wa Fundi angekuwa wapi, kwa wengi au kwa wachache. Akasema, "Mama, mimi sikumwona."

Mwandiko ulikuwa wa mgonjwa. Fundi hajui kuandika. Mume anasitiri aibu yake, mke anasitiri aibu ya mume, na mimi nipo juu na kalamu nyekundu najiona nina macho. Wewe na mimi tulimwua kwa adabu, mdogo wangu, na tukacheka kwenye barua. Nimezisoma zote leo. Nimezisoma za kwako na nikaona aibu kwa niaba yako. Halafu nikakumbuka nakala za kwangu ninazo pia.

Hicho cheti usikilete hapa.

Dada yako

*

Chumba namba 6
Jumatatu, 25 Mei

Dada,

Shikamoo. Pole. Pole sana, na mfikishie Fundi pole ya ofisi. Maji yakimwagika hayazoleki. Usijitese, wewe ulifuata utaratibu na mimi nilifuata utaratibu.

Limebaki jambo dogo. Ombi la muuguzi limekubaliwa na halikutumika, kwa hiyo linatakiwa lifungwe. Fomu ya kufunga ombi hiyo hapo. Ina sababu tatu tu: "Amepona", "Amehama", "Hahitaji tena". Najua hakuna nyingine, fomu ilichapwa haraka. Weka alama kwenye ile ya tatu. Ukitazama vizuri, si uongo.

Nakuomba kama ndugu, usiongeze neno pembeni. Wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Wakiona neno pembeni watauliza, wakiuliza watafungua jalada, wakifungua jalada watakuta barua ya Kinyozi na jibu langu lenye ile ya damu. Nina watoto watatu, wa kweli. Na wewe, Dada, muhuri ulikuwa mkononi mwako, watakuanza wewe. Jengo zima litajua. Fundi hasomi, hatakuwa na habari. Tuweke alama tunyamaze, mambo yataisha.

Nimekubembeleza kuliko siku ile uliponirudisha darasa.

Mdogo wako

*

Ghorofa ya nne
Jumatano, 27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Sikuweka alama. Sababu zako tatu nimezipiga mstari na pembeni nimeandika haya, nakunakilia usije ukasema hukuonywa:

"Mgonjwa, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, aliomba muuguzi tarehe 5 Mei akiwa hai. Fomu yake ilirudishwa mara mbili na mjumbe wa jengo, mwalimu mkuu mstaafu, kwa sababu hakuupenda mwandiko. Tarehe 13 Mei jirani aliiomba ofisi moja kwa moja, ofisi ikakataa kwa sababu hakukuwa na muhuri. Muuguzi alifika tarehe 22. Mgonjwa alifariki tarehe 19. Anayeandika haya ndiye mjumbe huyo."

Imeondoka na gari la maji leo asubuhi. Bahasha nimeiandikia mkuu wako, wewe nimekuruka. Ukiikuta mezani kwako ukaizuia, siku kizuizi kikiondolewa nitaileta kwa miguu yangu na nitaisoma kwenye foleni ya wananchi. Unasema una watoto. Ninawapenda watoto wako. Wakikuuliza ulifanya nini wakati wa gonjwa, utawaambia uliweka alama kwenye ya tatu? Mimi nilikulea nikijua wewe ni mwoga, nikadhani ofisi itakufundisha. Kumbe mwoga akipewa meza anakuwa hatari, na mwalimu akipewa muhuri ni hivyo hivyo. Kwenye hili sina pa kukucheka.

Fomu zilizokuwa zimebaki nimezigonga zote Ijumaa ile ile, chafu na safi. Kinyozi anawajazia wasiojua. Kumbe ni wanne humu ndani, mdogo wangu, na miaka yote hii nilidhani wananiitikia kwa mkato kwa sababu ni wajeuri.

Jana kabla ya kuifunga bahasha nilishuka chini. Yule ndiye mwenye haki ya kuyasikia kabla yenu, na kama hasomi, mimi nasoma. Nilisimama hatua mbili kutoka mlangoni kwake, nikabisha. Alifungua nusu. Hakunisalimu na mimi sikuthubutu kumsalimu. Nikamwambia nimeandika kitu kwenda ofisini, nataka akisikie. Nikasoma.

Nilipomaliza akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena. Watu walikuwa wameanza kujaa kwenye ngazi, Kinyozi, wanawe wawili, yule mama wa ghorofa ya tatu na mwiko mkononi. Hakuna aliyekohoa.

"Tena."

Mara ya tatu sauti ilinikatika pale penye miaka thelathini na tisa. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Basi, Fundi, mwache mama wa watu." Fundi hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa utulivu kabisa, kama anakagua soli.

"Hapo usilie," akaniambia. "Hapo ni pangu. Wewe kuna mahali sauti yako inashuka kila ukifika. Pale unapojitaja. Pandisha."

Nikarudi mwanzo. Nikapandisha. Akasikiliza mpaka neno la mwisho, akafunga mlango.

Dada yako